Mtoto Mchanga Naye Anaumia
(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wahudumu wa afya, Dodoma)



Kliniki tumezoea kusikia: "Huyo ni mchanga, hajui maumivu." Hata Ulaya na Marekani, hadi miaka ya 1980, baadhi ya watoto wachanga walipasuliwa bila nusukaputi ya kutosha.

Leo wataalamu hawakisii tu. Humbandika mtoto vipokezi vidogo kichwani, wakasoma umeme wa ubongo anapochomwa sindano. Mwaka 2010, huko London, watoto waliopewa maji ya sukari walikunja uso kidogo kuliko wenzao, lakini ubongo wao haukuonyesha nafuu. Ndugu zangu, kunyamaza kwa mtoto si ushahidi kwamba haumii.

Lakini nafuu ipo. Mwaka 2018 watafiti wa Oxford waliona kuwa kumpapasa mtoto taratibu, kama sentimita 3 kwa sekunde, kabla ya kumchoma, kunapunguza ishara hiyo ya ubongo. Nalo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba wakati wa chanjo mtoto ashikwe na mzazi wake, na anyonye.

Hapa hatuhitaji kuwaandikia wafadhili. Kongwa hadi Manyoni, mama anakuja na mikono na maziwa yake. Muuguzi, usimwambie asogee kando, mpe kiti.

Bwana wetu aliwapokea watoto mikononi mwake. Nasi tuwapokee hivyo.

Mungu awabariki.