Kalewa Likizoni, Karudishwa Langoni

Kila Januari kuna jambo hutokea kwenye malango ya shule zetu za bweni hapa Kenya, nalo halizungumzwi ipasavyo. Kijana wa kidato cha pili, miaka 16, alikunywa pombe wakati wa sikukuu. Alikuwa mtaani kwao na marafiki, hana sare, shule imefungwa. Mmoja wao akarekodi video, ikapita simu hadi simu mpaka ikamfikia naibu wa mwalimu mkuu. Siku ya kufungua shule kijana anafika na sanduku lake, anarudishwa akamlete mzazi. Mzazi naye akija anakabidhiwa barua: wiki mbili nyumbani.

Nasema barua hiyo haikufaa kuandikwa. Sisemi kwamba pombe kwa mtoto ni jambo dogo. Nasema shule imetoa adhabu ambayo yenyewe haina mamlaka ya kuitoa, na katika adhabu zote imechagua ile inayomdhuru mtoto zaidi.

Walimu wana hoja, na inastahili kusikizwa. Wao ndio wanaokaa na watoto wetu sehemu kubwa ya mwaka, na mtoto aliyezoea chupa likizoni anaweza kuja nayo bwenini akawaonjesha wenzake. Samaki mkunje angali mbichi, wanatuambia. Tena iko pombe inayonywewa nje ya shule ambayo kwangu mimi inaihusu shule kabisa. Agosti 2015, msimu wa kufunga shule, polisi walisimamisha basi lililokuwa likitoka upande wa Karatina kwenda Nairobi, wakakuta ndani wanafunzi zaidi ya 40, pamoja na pombe na bangi. Nchi nzima ilishtuka. Mtoto aliyetoka langoni na hajafika mikononi mwa mzazi bado yuko chini ya mwalimu wake, awe ndani ya basi au steji akisubiri gari. Akilewa hapo, shule imwite, imwadhibu. Sina ubishi.

Lakini mzazi akishampokea mtoto wake, zamu ni ya mzazi.

Na hebu tuitazame adhabu yenyewe. Mtoto alilewa wapi? Mtaani. Nani alikuwa akimwangalia? Hakuna, kwa sababu baba na mama huondoka alfajiri kutafuta riziki. Sasa shule inamtoa mahali penye kengele ya kuamka, masomo ya jioni na mtu mzima wa kumwuliza anakwenda wapi, inamrudisha mtaa ule ule, kwa marafiki wale wale, wiki mbili nzima za kushinda bila shughuli. Muulize mzazi yeyote aliyewahi kupewa barua hiyo alifanyaje siku ya tatu, alipolazimika kurudi kazini. Mtoto akirejea shuleni amepitwa na hesabu na kemia, na darasa zima limeshampa jina. Wengine hawarejei kabisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka mwanafunzi asifukuzwe mpaka njia nyingine zote za kumrekebisha zishindikane, na mpaka yeye na mzazi wake wasikizwe. Wiki mbili za nyumbani hazijaitwa kufukuzwa, najua. Ila kwa mtoto wa familia ambayo karo yenyewe inapatikana kwa shida, wiki mbili zinatosha kuwa mwanzo wa kuacha shule.

Lipo jambo lingine linaloniogopesha kuliko hilo. Februari 2024, pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya kumi katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Mtu aliyekunywa kitu cha aina hiyo anatakiwa afikishwe hospitali upesi, kwa kuwa kila saa inayopita inazidi kumharibu macho na figo. Sasa wafikirie wasichana watano wa kidato cha tatu, mmoja wao amezirai kwenye sherehe. Wanajua habari ikivuja, wote watano watarudishwa nyumbani Januari. Watafanya nini? Watamlaza chumba cha nyuma na kumfunika shuka, wakiomba apate nafuu kabla ya asubuhi. Kanuni inayomfanya mtoto aogope kumpigia simu mtu mzima usiku huo ni kanuni ya hatari, hata kama iliandikwa kwa nia njema.

Wakati huo huo, aliyeuza ile pombe halali njaa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho, inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya watoto. Leseni zinatolewa na kaunti. Tembea kwenye mitaa yetu uhesabu hatua kutoka lango la shule hadi duka la kwanza la pombe kali, kisha uniambie ni nani anayestahili kuandikiwa barua. Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21. Mimi ningefurahi zaidi kuona ule wa 18 ukiheshimiwa kwanza, muuzaji akifikishwa kortini, leseni ikifutwa.

Wapo wanaouliza kama basi shule ikae kimya. La hasha. Marekani, ambako umri wa kunywa ni 21, shule nyingi za sekondari humtaka mchezaji wa timu asaini ahadi ya kutokunywa, hata wikendi, hata nyumbani. Akivunja ahadi hukosa mechi kadhaa, lakini darasani anaingia kama kawaida. Hilo nalikubali. Kuvaa jezi ya shule au kuwa kiranja ni heshima ambayo mtu anaiomba, na anayeiomba anaweza kuwekewa masharti. Darasa ni haki yake.

Bodi za usimamizi za shule zitaketi kabla ya muhula ujao. Naziomba ziondoe adhabu ya kumrudisha nyumbani mwanafunzi kwa pombe aliyokunywa akiwa chini ya wazazi wake. Mahali pake ziandike kwamba mwanafunzi huyo ataonana na mwalimu wa ushauri nasaha wiki ya kwanza, mzazi akiwepo, na kwamba yeyote aliyeita msaada kwa ajili ya mwenzake hataadhibiwa na shule. Namba ya simu ya mwalimu huyo ichapishwe kwenye barua ya kufunga shule, pale pale panapoandikwa karo ya muhula ujao, ili kila mtoto aende nayo nyumbani.