Vibumunda Vitamu vya Mchele

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za chakula ambacho asili yake si kwetu, lakini vitu vya kukitengeneza vyapatikana kwetu.

Wakaao Ipililo na sehemu nyingine za Maswa, katika Mkoa wa Simiyu, wajua jinsi mpunga ulimwavyo katika majaruba, maji ya mvua yakizuiwa kwa matuta. Wajua pia kwamba mchele ukisha kukobolewa hupepetwa, na punje zilizovunjika, yaani chenga, hutengwa. Mchele mzima hupelekwa sokoni. Chenga huuzwa kwa bei duni au hutupiwa kuku. Lakini chenga si takataka. Unga wake ni sawa na unga wa mchele mzima, maana hata mchele mzima hauna budi kuvunjwa kabla haujawa unga.

Katika India, watu wa Maharashtra, upande wa magharibi, hufanya kibumunda cha unga wa mchele chenye kitu kitamu ndani, wakakipika kwa mvuke. Jina lake ni modak. Watamil wa kusini wana jamaa yake, kozhukattai. Wahindu hukipika hasa kwa sikukuu ya Ganesh Chaturthi, mwezi wa Agosti au Septemba, na desturi ni kumtolea Ganesh vibumunda 21. Ndani hutia nazi na sukari guru. Sisi tulio mbali na pwani tutatumia karanga.

Watu wa pwani yetu wana vitumbua, navyo ni vya mchele. Lakini vitumbua vyataka mafuta na chuma chake. Kibumunda hiki huiva kwa maji yachemkayo tu.

Basi sikilizeni. Loweka chenga kwa saa 2, uzichuje, uzianike kivulini hata zikaribie kukauka, kisha uzitwange na kuzichekecha. Pima vikombe 2 vya unga. Chemsha vikombe 2 vya maji pamoja na chumvi kidogo na kijiko cha samli. Maji yakitokota, mimina unga wote, koroga upesi kwa mwiko, epua, ufunike kwa dakika 10. Kisha ukande ungali na moto, hata uwe laini.

Msidhani ya kuwa maji ya moto na ya baridi ni mamoja. Unga wa ngano una gluteni, kitu kivutikacho, ambacho hulishika donge hata kwa maji baridi. Unga wa mchele hauna. Wanga wake hunata pale tu upatapo maji na moto pamoja. Akandaye kwa maji baridi ataona donge likipasuka mkononi.

Ya kutia ndani ni kikombe 1 cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, nusu kikombe cha sukari guru iliyopondwa, na iliki ikiwapo.

Hapa nawaomba mnisikilize sana. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, zaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Moto wa jikoni hauiondoi, na sukari huficha uchungu tu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Basi zichague moja moja kabla ya kukaanga. Mbaya usimpe kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hata katika maziwa. Zifukie.

Sasa chukua donge kiasi cha ndimu, ulibonyeze liwe kama kikombe kidogo, tia kijiko cha karanga, ukusanye kingo na kuzifunga juu, lipate umbo la kitunguu saumu. Vitapatikana 16 hivi.

Tia maji katika sufuria, yasizidi nusu. Funga kitambaa chepesi kilicho safi mdomoni mwake, ukikaze kama ngozi ya ngoma. Maji yakichemka, panga vibumunda juu ya kitambaa, ufunike kwa bakuli, ungoje dakika 12 hadi 15. Vikingʼaa, visinate kwenye kidole kilicholowana, vimeiva. Ufunuapo, inua kwanza upande ulio mbali nawe, na watoto wakae kando. Mvuke waunguza kuliko maji ya moto, kwa kuwa ukigusa ngozi hugeuka maji na kuacha pale joto lake.

Viliwe siku ile ile, kwani chakula cha mchele kilicholala penye joto huweza kudhuru tumbo. Wanga wa mchele hutia nguvu, na karanga hujenga mwili. Kwa hiyo chamfaa sana mtoto arudiye kutoka shule. Msimu ujao wa kupepeta, mwenye nyumba atakapotenga chenga, asiwaite kuku kwanza; awakumbuke watoto wake.