KUPANGA REDIO NA ERIALI KATIKA NDEGE YA KUJITENGENEZEA
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mafundi wanachama katika mafunzo ya jioni)



Tuliombwa tuseme machache juu ya redio za ndege ndogo, nasi tumechagua zile ndege ambazo watu hujitengenezea wenyewe nyumbani, katika banda la motokaa. Wengine wenu mtacheka. Lakini huko Marekani ni jambo la kawaida kabisa, na sheria yao yalitambua. Ikiwa zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu wanaotengeneza kwa kujifunza au kwa kujifurahisha tu, ndege hiyo yaweza kupewa cheti cha kuruka katika fungu la ndege za majaribio. Mwenye ndege aweza hata hivyo kumlipa fundi kwa kazi kama rangi, viti na redio. Hapo ndipo mtu wa kazi yetu anapoingia, na mara nyingi huingia akiwa amechelewa, kwa sababu huitwa mwisho.

Kila fundi wa umeme wa majumba ayajua haya. Mwashi amekwisha piga plasta, rangi imekauka, ndipo fundi wa waya anapotumiwa habari. Naye hana la kufanya ila kushika tindo na kuanza kubomoa, na mwenye nyumba ananung'unika kwamba fundi huyu ni mharibifu. Basi ukuta wa nyumba hupasuliwa ukazibwa, yakaisha. Katika ndege tunayotaka kuieleza, ukuta wenyewe ndio unaobeba uzito wa watu hewani. Ukiupasua, umekata mfupa.

Ndege hiyo yaitwa Long-EZ. Aliyeibuni ni Burt Rutan wa Mojave, California, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1979. Michoro yake iliuzwa kwa watu wa kawaida mpaka mwaka 1985, na nyingi zilizotengenezwa kwa michoro hiyo zingali zikiruka. Umbo lake ni la ajabu: injini iko nyuma, bawa dogo liko mbele, na katika ncha za mabawa makubwa mna vibawa viwili vilivyosimama wima. Haina bati la kuifunika. Hukatwa povu gumu kwa umbo la bawa, kisha hutandazwa vitambaa vya nyuzi za kioo juu yake, na kupakwa gundi ya epoksi. Gundi ikishakauka, kazi imefungwa.

Sasa, nyuzi za kioo zina tabia moja njema: mawimbi ya redio hupita ndani yake kama mwanga upitavyo dirishani. Kwa hiyo eriali haina haja ya kutokeza nje na kuzuia upepo. Yaweza kuzikwa ndani ya bawa. Mhandisi wa redio aitwaye Jim Weir, wa California pia, ndiye aliyewaonyesha watengenezaji hawa njia rahisi: utepe mwembamba wa shaba nyekundu, vipande viwili, hubandikwa juu ya povu kabla ya kitambaa kutandazwa. Pale katikati, vipande vinapokaribiana, hupigwa solda kebo ya kwenda kwenye redio, na juu ya kebo huvishwa pete ndogo za feriti ili kebo yenyewe isigeuke kuwa eriali. Vifaa hivi si vya gharama kubwa. Gharama ni kusahau.

Urefu wa utepe haukisiwi kwa macho. Redio ya kusema na mnara wa kuongoza ndege hutumia masafa ya kati ya megahezi 118 na 137, na kwa hayo kila kipande huwa kama inchi 20. Redio ya kuonyesha njia hutumia 108 hadi 118. Mawimbi yake ni marefu zaidi kidogo, na kila kipande huwa kama inchi 23. Lakini kuna jambo linalowapotosha wengi. Mawimbi ya redio ya kusemea husimama wima, na yale ya kuonyesha njia hulala. Eriali ya kwanza lazima isimame, ya pili lazima ilale. Ndiyo sababu katika Long-EZ vibawa vya ncha vilivyosimama ni mahali pazuri sana pa redio ya kusemea, na bawa lililolala hufaa kwa ile nyingine. Anayeyageuza haya atasikia uwanja ulio karibu na kudhani mambo ni mazuri, mpaka siku atakapokuwa mbali na mvua imemzunguka.

Twawaonya pia juu ya nyuzi za kaboni. Ni nguvu na ni nyepesi, na watu huvutwa nazo. Lakini kaboni hupitisha umeme, na eriali iliyofunikwa kwa kaboni ni kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Hata rangi yenye chembechembe za madini yaweza kuleta taabu. Mpaka rangi hajui haya, wala si kosa lake; aliyepanga kazi ndiye aliyepaswa kumwambia.

Katika ndege za bati mambo ni mengine. Eriali hutoka nje kama fimbo, na bati lenyewe huwa nusu ya pili ya eriali. Hatutakaa hapo.

Kuna vyombo vingine ambavyo havikuwamo katika michoro ya mwaka 1979. Tangu tarehe 1 Januari 2020, ndege zinazoingia katika sehemu nyingi za anga la Marekani zenye shughuli nyingi zatakiwa kutangaza zenyewe mahali zilipo. Wengi hufanya hivyo kwa transponda, chombo kile kinachoijibu rada kwa megahezi 1090. Eriali yake ni kijiti kisichofika hata inchi 3, nacho chataka sahani ya bati chini yake, kwa kuwa nyuzi za kioo haziwezi kufanya kazi ya bati. Kiwekwe mbali na miili ya watu na mbali na vyombo vingine. Eriali ya satelaiti, ambayo ndiyo huijulisha ndege mahali ilipo, lazima ione mbingu. Yaweza kukaa ndani, chini ya nyuzi za kioo, lakini si chini ya bati, wala si ubavuni mwa eriali ya redio ya kusemea.

Tena kuna redio ya kuomba msaada ndege inapoanguka. Tangu tarehe 1 Februari 2009 satelaiti hazisikilizi tena megahezi 121.5, zasikiliza 406. Mwenye chombo cha zamani asitegemee kusikiwa kutoka juu. Na eriali ya chombo hiki ikae karibu na sanduku lake, kebo iwe fupi, maana ndege ikivunjika vipande viwili, na sanduku liko katika kimoja na eriali katika kingine, hakuna atakayesikia neno.

Waya za umeme nazo zina shauri lake. Kwa kuwa hakuna bati, hakuna pa kushika athi mahali popote upendapo. Kila chombo lazima kirudishiwe waya wake, na waya hizo zikutane mahali pamoja. Waya wa kwenda na waya wa kurudi vipite pamoja, vikiwa vimeshikana, la sivyo dira itavutwa na umeme na kusema uongo. Kebo za eriali zisilale sambamba na waya za magneto, maana kelele ya plagi itaingia masikioni mwa rubani. Na kila penye kufungwa, pachwe mrija mtupu wenye kamba ndani. Fundi wa miaka kumi ijayo atafunga waya wake katika kamba ile na kuuvuta, naye atakushukuru bila kukujua.

Hatuwezi kuacha kusema habari ya mwimbaji John Denver. Tarehe 12 Oktoba 1997 alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa peke yake katika Long-EZ ambayo ndiyo kwanza ameinunua. Katika michoro, kishikio cha kubadili tangi la mafuta huwa mbele ya rubani. Aliyeitengeneza ndege ile alikiweka nyuma ya bega la kushoto, bila alama. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali ilisema kwamba Denver aligeuka kukitafuta, na katika kugeuka akaipoteza ndege. Hiyo haikuwa redio, twajua. Lakini ni kazi ile ile ya kuamua kitu gani kikae wapi, na mkono wa nani utakifikia.

Basi kabla ya kukata ubao wa vyombo, kateni kadibodi. Chorani redio, swichi na fyuzi kwa ukubwa wake, mkaipachike mahali pake, kisha mtu aketi kitini amefungwa mikanda. Katika Long-EZ fimbo ya kuongozea iko upande wa kulia, kwa hiyo mkono wa kulia una kazi. Afumbe macho, na kwa mkono wa kushoto aguse swichi ya redio. Akiikosa, kadibodi ni rahisi kukata tena. Halafu mtu wa pili alale chini na kujaribu kufikia nyuma ya ubao kwa bisibisi, maana huko nako kuna mwanadamu atakayefanya kazi.

Na eriali ipimwe kabla ya gundi. Mita ya mawimbi yanayorudi hueleza kwa dakika chache kama nguvu ya redio inatoka au inarudi nyumbani. Pigeni picha, andikeni vipimo kutoka ukingo wa bawa, tieni namba kila ncha ya waya, na karatasi hiyo isafiri pamoja na ndege hata ikiuzwa.

Tumeleta vipande viwili vya kebo, nasi tutavipitisha mkono kwa mkono kabla ya maswali. Chembamba cheusi ni RG-58 ya zamani. Tazameni jinsi plastiki ya ndani ilivyoyeyuka pale chuma cha solda kilipogusa, hata waya wa kati umehama. Cha rangi ya hudhurungi ni RG-400, ina nyavu mbili za waya uliopakwa fedha, na plastiki yake haikuyeyuka kwa chuma kile kile. Bei ya pili ni kubwa. Katika bawa lililofungwa, sisi tungenunua ya pili.