Nyumba ya Kisasa Shambani

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nataka kusema machache juu ya kujenga nyumba njema huko kwetu mashambani. Mimi si fundi wala mhandisi, ni karani. Ninayo haki moja tu ya kusimama mbele yenu, nayo ni kwamba nilikosea, na kosa hilo lilichukua miaka minne.

Nilipoanza kupata mshahara mjini, nilinunua ramani ya nyumba ya vyumba vinane, mfano wa zile nizipitazo kila asubuhi niendapo kazini. Nikachimba msingi katika shamba letu, upande wa Machakos. Kuta zikapanda hadi usawa wa madirisha, fedha zikaisha. Masika manne yakazinyeshea kuta zisizo na paa, na majani yakaota sebuleni. Muda huo wote mama yangu alilala katika nyumba inayovuja, na kila alfajiri alishuka bondeni kuchota maji katika mchanga wa mto. Siku moja, nilipokuwa nikimwonyesha mahali pa chumba cha wageni, aliniuliza kwa upole, "Na maji, mwanangu, yatakaa chumba gani?" Sikuwa na jibu.

Basi nikachukua karatasi mpya, na mambo niliyoandika humo ndiyo haya.

Kwanza ni paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mabati lenye mita za mraba 80, katika mwaka wa mvua ya milimita 600, hupokea lita 48,000. Mengine humwagika na mengine hukauka. Lakini tangi la lita 10,000 likijaa, yamo madebe 500 ya lita ishirini ishirini. Ukitumia madebe matatu kwa siku, yatakutosha siku 166, yaani kiangazi chote tangu Juni mpaka vuli. Kwa hiyo mifereji ya paa na tangi si mapambo ya kuongezwa baadaye. Yafaa yahesabiwe pamoja na mabati.

Pili ni jua. Kwetu jua hupita karibu na utosi, lakini asubuhi na jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kuta ndefu zenye madirisha na zielekee kaskazini na kusini, na upenu utoke vya kutosha kufunika kuta zisilowe.

Tatu ni udongo. Ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi hupasua na nyumba pia. Sharti uchimbwe na kuondolewa mpaka kufikia ardhi imara.

Nne ni moshi na choo. Jiko liwe na dohani, kwani moshi huharibu macho na vifua vya mama zetu na watoto. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa mteremko.

Mwisho ni kipimo. Nilikata ramani yangu, nikabakiza vyumba vitatu juu ya msingi ule ule, nikaviezeka. Vitano vilivyobaki vyangojea, wala havimdhuru mtu.

Leo mama huchota maji mlangoni pake. Lakini ile miaka minne aliyobeba maji mgongoni siwezi kumrudishia. Ndugu zangu, kabla ya kumwita fundi, mwulizeni kwanza yule atakayelala ndani ya nyumba ninyi mkiwa mjini. Yeye ndiye mjuzi wa ramani.