Ning'inia Kwanza, Kisha Uchague: Hanesi na Vifaa vya Kinga kwa Waendesha Ubao wa Tanga

Mada kwa semina ya wakufunzi na wahudumu wa senta za michezo ya bahari

1. Utangulizi

Mgeni anayekuja kukodi ubao wa tanga Paje, Jambiani, Diani au Watamu huulizwa kwanza ana kilo ngapi, kisha kama aliwahi kuendesha. Kwa majibu hayo hupewa ubao na tanga linalomfaa. Hanesi hupewa ile iliyoning'inizwa karibu na mlango, na jaketi lolote lililokwisha kukauka.

Mada hii inapinga utaratibu huo. Hanesi na vifaa vya kinga huchaguliwa kwa pamoja, vyote vikiwa vimevaliwa, na mteja akiwa ameuachia mwili wake uning'inie. Hanesi inayouma haimkoseshi mtu raha tu. Anayebanwa mbavu hujitoa kwenye kamba inayoiunganisha hanesi na tanga, akavuta tanga kwa mikono. Mikono ikichoka ataanguka, ataanguka tena, na kila akianguka upepo na mkondo vinazidi kumpeleka mbali na ufuko. Kwa hiyo suala la starehe ni suala la usalama.

2. Kazi ya hanesi

Hoyle Schweitzer na Jim Drake walipoomba hataza ya ubao wa tanga huko Marekani mwaka 1968, nguvu yote ya upepo ilipokewa na vidole, mikono na mgongo wa mwendeshaji. Hanesi ilizuka Hawaii katika miaka ya 1970. Za mwanzo zilifungwa kifuani, kulabu ya kushikia kamba ikakaa juu, na mgongo ukaumia. Tangu hapo kulabu imekuwa ikiteremshwa: kiunoni, na kwa aina nyingine chini zaidi, usawa wa nyonga.

Waliowahi kutazama mashindano ya mashua Lamu wameona vijana wanavyokaa kwenye ubao uliotokezwa nje ya chombo, upande wa joshini, ili uzito wao ukizuie chombo kulala. Hanesi humwezesha mtu mmoja kufanya kazi hiyo peke yake. Uzito wake hupita kwenye kulabu, kisha kwenye kamba, hadi kwenye bumu lililoshika tanga. Mikono inabaki kuongoza.

3. Ya kiuno au ya makalio?

Hanesi ya kiuno huzunguka tumbo na sehemu ya chini ya mgongo. Humwachia mtu uhuru wa kujipinda, ndiyo maana wapenda mawimbi na wanaotumia matanga madogo huipendelea. Kasoro yake ni kupanda: ikilegea husogea hadi kwenye mbavu, na hapo kila pumzi inauma.

Hanesi ya makalio ina mikanda inayopita mapajani. Hukaa pale pale ilipofungwa, na mvuto hubebwa na makalio badala ya kiuno. Humfaa anayeanza kujifunza kuning'inia, mwenye mgongo unaosumbua, na anayetumia tanga kubwa siku ya upepo mwepesi. Kasoro yake ni mikanda ya mapaja, ambayo huchubua ikishika mchanga na chumvi.

Ipo pia tofauti ya ugumu. Hanesi laini ya sponji hufuata umbo la mwili. Yenye gamba gumu husambaza mvuto mgongoni vizuri zaidi, lakini kama umbo lake halilingani na la mvaaji, hailegei kwa kuzoewa. Wanawake wengi wana kiuno chembamba kuliko nyonga, na hanesi iliyokatwa kwa umbo la kiume huwaachia uwazi mgongoni na kuwabana mfupa wa nyonga. Senta isiyo na hata hanesi moja ya mkato wa kike inawapunguzia usalama wateja wake wengi.

4. Jaribio la kuning'inia

Kifaa cha jaribio hili kila senta inacho: bumu la zamani na jozi ya kamba. Lifungeni kwenye boriti imara ya banda, usawa wa mabega ya mtu mzima, kisha mfuate hatua hizi.

Kwanza, mteja avae nguo atakayoingia nayo baharini. Hanesi iliyopimwa juu ya ngozi kavu haikai vile vile juu ya fulana ya kuogelea iliyolowa.

Pili, aifunge kuanzia mkanda wa chini kwenda juu, kisha atazame chuma kinachobeba kulabu. Kwa aina ya kiuno, chuma kikae usawa wa kitovu au chini yake kidogo. Pande zote mbili pabaki nafasi ya kukaza mikanda. Chuma kikigusana na kingo za hanesi kabla haijabana, hanesi hiyo ni kubwa kwake.

Tatu, ajitundike kwenye kamba, akunje magoti na kuachia uzito wote kwa dakika kadhaa. Wakati huo mhudumu asiongee sana, atazame. Je, hanesi imepanda? Je, chuma kimeinama, kulabu ikaelekea juu? Je, pana uwazi mgongoni unaopitisha kiganja? Dalili moja inatosha kubadilisha saizi au aina. Mwulizeni pia anasikia mvuto wapi. Akijibu kuwa umetapakaa mgongo mzima, mmepata. Akionyesha sehemu moja kwa kidole, endeleeni kutafuta.

Nne, ajifunge na kujifungua mara kadhaa bila kutazama chini. Asiyeweza kufanya hivyo akiwa bandani hataweza akiwa majini.

5. Kamba na bumu

Hanesi nzuri ikiwekewa kamba mbaya huonekana mbaya. Kamba nyingi za dukani zina urefu wa kati ya inchi 24 na 30. Kipimo cha kuanzia ni mkono wenyewe: weka kiwiko kwenye kitanzi cha kamba, na bumu lifike karibu na kifundo cha mkono. Hanesi ya makalio, kwa kuwa kulabu yake iko chini, huhitaji kamba ndefu zaidi.

Mahali pa kufunga kamba hujulikana kwa mikono. Mkono wa nyuma ukichoka mapema, sogeza kamba nyuma; ukichoka wa mbele, zisogeze mbele. Wateja wengi wanaolalamikia hanesi wangepona kwa kusogeza kamba upana wa vidole viwili.

6. Kinga nyingine, na namna zinavyogombana

Jaketi. Vifaa vya kuelea hupimwa kwa nyutoni. Kifaa cha daraja la 50, chini ya kiwango cha ISO 12402-5, kinamfaa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, lakini hakiwezi kumgeuza uso juu mtu aliyezimia. Daraja la 150 linamfaa msafiri wa chombo. Kwa mwendesha ubao linaweza kuwa mtego: akiangukiwa na tanga, jaketi linamsukuma juu na kumbana dhidi yake asiweze kupiga mbizi atoke. Jaketi linalojijaza lenyewe likigusa maji halifai kabisa kwa mchezo ambao kuanguka ni sehemu yake. Zipo pia fulana za sponji za kukinga mbavu. Zinafanana na jaketi la kuelea, lakini nyingi hazikupimwa kwa kuelea. Someni lebo kabla ya kumkabidhi mteja.

Hapa ndipo vifaa vinapogombana. Jaketi refu hukaa juu ya chuma cha hanesi, likaficha kulabu na kuipandisha hanesi. Chagueni lililokatwa fupi, linaloishia juu ya kiuno, kisha mrudie jaribio la kuning'inia nalo.

Kofia ngumu. Upepo wa ghafla ukimkuta mtu amejifunga kwenye kamba, huweza kumrusha mbele pamoja na tanga, kichwa kikapiga mlingoti au bumu. Kofia ya michezo ya maji, kwa mfano ya kiwango cha EN 1385, ni nyepesi na hutoa maji haraka. Kofia ya bodaboda ni nzito, inajaa maji na inaziba masikio. Kofia inayofaa, ukitikisa kichwa kabla ya kufunga mkanda wa kidevu, haizunguki.

Viatu. Ndani ya miamba yetu kuna matumbawe, wanyama wenye miiba mirefu myeusi na, kwa Paje na Jambiani, vigingi vya mashamba ya mwani ya kina mama. Maji ya bamvua yakitoka, mahali palipokuwa na kina asubuhi huwa pa kutembea mchana. Viatu viwe na soli nyembamba inayopinda. Soli nene hunasa kwenye mikanda ya miguu ya ubao, na mtu akirushwa, kifundo hubaki nyuma.

Nguo. Bahari yetu ni ya joto mwaka mzima, hivyo vazi nene la mpira la Ulaya ni mzigo. Fulana ya mikono mirefu inayokinga jua inatosha siku nyingi. Hakikisheni mshono wake haupiti chini ya ukingo wa hanesi. Ukipita hapo, mwendeshaji atarudi amechubuka.

7. Zoezi lisilorukwa: chini ya tanga

Kila anayepewa hanesi afanye zoezi hili kwenye maji ya kifuani kabla ya kwenda mbali. Tanga lilazwe juu ya maji, naye awe chini yake, kulabu ikiwa kwenye kamba. Kwanza ainue tanga kwa kiganja apate nafasi ya kupumua. Kisha avute bumu kuelekea kwake ili kamba ilegee. Ikiwa imejisokota, ajigeuze hadi iachie. Halafu aufuate mlingoti kwa mkono mpaka atokeze ukingoni. Na awapo kwenye mwendo, upepo ukimvuta ghafla, asiachie bumu: akunje magoti, arudishe uzito nyuma. Anayeachia mikono hurushwa na kulabu, na uso hutangulia.

8. Mapendekezo

(a) Kila senta ifunge bumu la majaribio bandani.

(b) Vifaa vioshwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Kila wiki mhudumu akague mishono, mikanda na kulabu. Kamba iliyolika mahali kulabu inapopita itupwe, isishonwe.

(c) Zoezi la chini ya tanga liwe sharti la kukodisha hanesi, hata kwa mteja anayesema ni mzoefu.

(d) Kabla ya msimu wa kusi, ambao pepo zake huwa kali, saizi zote za hanesi na kofia zihesabiwe, na zinazopungua ziagizwe mapema.

9. Maswali ya majadiliano

Je, mteja akikataa kofia, mhudumu ana mamlaka ya kumnyima ubao? Nani alipe muda wa mkufunzi katika zoezi la chini ya tanga: mteja au senta? Na je, senta jirani zinaweza kushirikiana kumiliki hanesi za saizi adimu, za watoto na za mkato wa kike, ili asiwepo anayeingia baharini na kifaa kisicho chake?