Mbwa, Paka na Moshi wa Gari: Maswali Mnayoniuliza Kila Wiki

Maneno ya mazungumzo ya Jumamosi asubuhi na familia za Toongabbie, yaliyotolewa na mhudumu wa familia

Ninyi vijana mlioletwa hapa kwa kulazimishwa, karibuni. Leo ni siku yenu, maana ninyi ndio mnaowasumbua wazazi kila jioni mkitaka mbwa.

Maswali yanayofika mezani kwangu siku hizi ni ya aina mbili. La kwanza: "Mtoto ameleta mbwa kutoka kwa rafiki yake, nifanye nini?" La pili: "Gari langu linatoa moshi, polisi watanikamata?" Mtasema mbwa na moshi vinahusiana wapi. Vinakutana kwenye gereji. Na nikisema gereji simaanishi kwa fundi. Namaanisha kile chumba kilichoshikana na nyumba, mnapoweka gari, friji ya pili, gunia la unga, na usiku wa baridi mnamlaza mbwa humo. Tutafika huko. Tuanze na mnyama.

Kabla ya kusema ndiyo kwa mtoto

Mimi nilikulia kambini Nyarugusu. Mbwa kule alikuwa mlinzi, paka alikuwa wa panya, na hakuna aliyeuliza karatasi zao. Hapa New South Wales mnyama ana karatasi kama mtu, na mwenye jina kwenye karatasi ndiye anayejibu.

Mbwa au paka lazima awekewe chipu chini ya ngozi kabla hajafikisha wiki 12, au kabla ya kuuzwa au kutolewa zawadi, lolote litakalotangulia. Kisha lazima asajiliwe kabla ya kufikisha miezi 6. Usajili unalipiwa mara moja tu kwa maisha yake yote, na kwa mbwa ada ni ndogo zaidi kama amehasiwa. Paka ambaye hajahasiwa akipita miezi 4 anahitaji pia kibali cha kulipia kila mwaka.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinakwama. Ukipewa mbwa na jirani, chipu ile bado ina jina la jirani. Mbwa akipotea, simu itapigwa kwake. Kwa hiyo siku ile ile mnayokabidhiana, hakikisheni umiliki umehamishwa kwenye daftari la wanyama la serikali. Kaunsili yako itakusaidia. Lakini Toongabbie imegawanywa kati ya kaunsili tatu: Blacktown, Cumberland na City of Parramatta. Jirani wa mtaa wa pili anaweza kuwa kwenye kaunsili nyingine kabisa, kwa hiyo usifuate yake. Angalia anwani yako.

Ukinunua, usitume pesa kwa picha ya kwenye simu. Tangazo la kuuza mbwa au paka hapa lazima lionyeshe namba ya chipu au namba ya mfugaji au ya shirika linalomtoa. Tangazo lisilo na namba liache. Na muuzaji anayetaka malipo kabla hujamwona mnyama kwa macho yako, mwache vilevile.

Barabarani, mbwa anafungwa kamba na anashikwa na mtu anayeweza kumdhibiti. Usimpe mtoto wa miaka 9 ampeleke mbwa matembezi peke yake, hata kama mbwa ni mpole. Mbwa avae mkanda wa shingoni wenye jina lake na simu au anwani yenu. Haruhusiwi ndani ya mita 10 kutoka bembea na vifaa vya kuchezea watoto. Kinyesi chake unakiokota wewe. Beba mfuko.

Wapo kati yetu wasiogusa mbwa kwa sababu ya dini au kwa sababu ya hofu, na wanaona aibu kusema. Hakuna aibu. Jirani akija na mbwa, mwambie kwa upole amshike vizuri. Waaustralia wengi watafanya hivyo bila kununa. Na kama mbwa wa mtu amekushambulia au amemuuma mtoto, ripoti kwa kaunsili. Huko si kumchongea jirani. Sheria imewekwa kwa ajili ya hilo.

Nyumba ya kupanga

Swali hili naulizwa na kila familia: "Mwenye nyumba atatufukuza?" Sheria imebadilika. Tangu tarehe 19 Mei 2025, mpangaji anaomba ruhusa ya kufuga kwa maandishi, kwa fomu maalumu, na mwenye nyumba ana siku 21 za kujibu. Asipojibu ndani ya siku hizo, ruhusa imepatikana. Hawezi kukataa kwa kusema tu hapendi mbwa. Ni lazima awe na sababu inayokubaliwa na sheria, kwa mfano wanyama ni wengi mno au uzio haufai. Wala hawezi kudai dhamana ya ziada kwa ajili ya mnyama. Lakini uharibifu atakaoufanya mnyama utaulipa wewe. Kwa hiyo omba kwanza, na tunza nakala ya ombi. Wanaoishi kwenye maghorofa waulize pia kanuni za jengo.

Mfikirie na mfuko. Medicare haimjui mbwa. Daktari wa wanyama analipwa papo hapo, na ajali moja inaweza kumaliza akiba ya familia. Kama hesabu haikubali mwaka huu, mwambie mtoto ukweli. "Bado, mwanangu" ni jibu zuri kuliko mbwa mgonjwa asiye na pesa ya matibabu.

Kichaa cha mbwa na popo

Mama mmoja alinipigia usiku, mwanawe ameparuzwa na mbwa wa jirani, analia kwamba mtoto atakufa kwa kichaa cha mbwa. Namwelewa. Sisi tumeona ugonjwa ule. Lakini Australia haina kichaa cha mbwa. Mbwa akimuuma mtoto, osha kidonda kwa maji na sabuni, mpeleke kwa daktari aangaliwe kidonda na chanjo ya pepopunda, halafu ripoti.

Wa kuogopwa hapa ni popo. Tangu mwaka 1996 imejulikana kwamba popo wa Australia hubeba kirusi ndugu wa kile cha kichaa cha mbwa. Pale Parramatta Park popo wakubwa wananing'inia mitini kwa wingi, na watoto wetu wanapita hapo. Wafundisheni hivi: popo haguswi, awe mzima, mgonjwa au amekufa. Akimparua au kumuuma mtu, osha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha piga simu 1300 066 055 ya afya ya jamii au nenda hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri dalili. Dalili zikianza, muda umepita.

Rangi ya moshi

Tuje kwenye gari. Kwanza sheria. Gari lililozidi miaka 5 linahitaji ukaguzi kila mwaka, ile pinki slipu, kabla ya kulipia rejo. Egzosi ni moja ya vitu vinavyokaguliwa. Na sheria ya moshi ni hii: gari likitoa moshi unaoonekana mfululizo kwa zaidi ya sekunde 10, ni kosa. EPA, mamlaka ya mazingira, wana haki ya kukuandikia. Barua yao ikija usiitupe pamoja na matangazo ya pitsa. Ilete ofisini tuisome.

Lakini usiogope kila moshi. Jifunze rangi.

Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ya Julai, unaopotea gari likipata joto, ni maji tu. Hakuna ugonjwa hapo.

Moshi mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu ya utamutamu, maana yake maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini. Mara nyingi gaskiti imekufa. Simamisha gari, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Angalia kijiti cha oili kila wiki, na mwone fundi.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Pengine ni chujio la hewa lililojaa vumbi, na hilo ni jambo la bei nafuu.

Je, kelele? Egzosi ikianza kunguruma kama trekta, kuna tundu. Magari yetu mengi yanaenda safari fupifupi, nyumbani hadi shule, shule hadi stesheni. Bomba halipati joto la kutosha, maji yanabaki ndani, na kutu inalila. Tundu dogo linachomelewa kwa pesa kidogo. Ukiliacha miezi sita, utanunua bomba zima.

Fundi wa magari hapa lazima awe na leseni ya Fair Trading. Omba bei kwa maandishi kabla hajafungua boliti hata moja, na omba bei ya fundi wa pili. Akikwambia, "Tutoe kile kichujio cha moshi, gari litakuwa jepesi," kataa. Kukitoa ni kosa, na gari halitapita ukaguzi. Mkigombana juu ya kazi au bei, simu ya Fair Trading ni 13 32 20. Lugha ikikushinda, piga kwanza 131 450 uombe mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako.

Faini ikishafika, usikae nayo. Usipolipa, wanaweza kusimamisha leseni yako, na bila leseni kazi ya usiku kule Wetherill Park utaifikia vipi? Unaweza kulipa kidogo kidogo. Wenye hali ngumu wanaweza pia kupunguziwa deni kwa kufanya kazi ya kujitolea, kozi au matibabu yaliyoidhinishwa. Tuna fomu hizo.

Gereji ya nyumbani

Sasa tumefika pale nilipoahidi. Moshi unaouonekana unakera, lakini unaoua ni ule usioonekana. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Inatoka kwenye egzosi ya gari lolote la petroli au dizeli, hata jipya, na inatoka kwenye mkaa.

Kuna familia iliyokuwa ikiwasha gari ndani ya gereji kila asubuhi, mlango wa nje umefungwa kwa sababu ya baridi, ili watoto wakute gari lina joto. Mbwa alikuwa analala humo. Akaanza kutapika na kuyumba. Wakadhani ni chakula. Halafu mama akaanza kuumwa kichwa kila asubuhi, na mtoto mdogo kichefuchefu. Walipokuwa nje, wote walikuwa wazima. Waliponihadithia nikawaambia gari litoke nje kabla ya jambo jingine lolote, na waende kwa daktari leo, si kesho. Walikwenda, na wote wapo salama.

Mnyama mdogo anapumua haraka, na sumu inamfikia mapema. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo kwa sababu hiyo hiyo hadi mwaka 1986. Ndege akianguka, watu wanatoka. Kwa hiyo mbwa, paka na watu wakiumwa pamoja ndani ya nyumba na kupata nafuu nje, usitafute dawa ya kichwa. Tokeni wote, acheni milango wazi, pigeni 000.

Shikeni haya. Usiwashe gari ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, litoe kwanza. Gari la sasa halihitaji kupashwa joto dakika kumi. Washa, funga mkanda, nenda taratibu. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari au usingizi wa ajabu, fungua madirisha na upeleke gari kwa fundi. Usiendeshe na buti wazi kwa sababu umebeba kitanda. Moshi unavutwa ndani. Jiko la mkaa halipikiwi ndani wala gereji, na haliingizwi chumbani kuota moto, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Na kile kifaa cha kulia moshi kwenye dari hakisikii kaboni monoksaidi. Kuna kifaa chake maalumu, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya nyumbani.

Mawili ya mwisho. Maji ya rejeta yakimwagika sakafuni, yafute na uoshe mara moja. Mara nyingi yana ladha tamu. Mbwa au paka akilamba kidogo tu, figo zinaharibika. Akilamba, ni daktari wa wanyama saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Mtoto akinywa, piga 13 11 26, kituo cha sumu, saa yoyote. Akiwa amezirai au anapumua kwa shida, 000. Na usiku wa baridi paka hujificha kwenye injini yenye joto. Kabla ya kuwasha, piga boneti kwa kiganja mara mbili.

Nimemaliza yangu. Chai ipo, mandazi yapo, na mwenye barua ya kaunsili au ya faini mkobani aje nayo hapa mezani tuisome pamoja. Sasa nawasikiliza ninyi.