Usiku wa Maswali: Pasaka ya Wayahudi

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya sikukuu ambayo kiini chake ni chakula cha nyumbani, mezani pa mtu, wala si lazima awepo kiongozi wa dini. Ni Pasaka ya Wayahudi. Usiichanganye na Pasaka ya Wakristo, ingawa jina limetoka mahali pamoja, katika neno la Kiebrania Pesach.

Kwanza nyumba husafishwa kabisa, kwa maana chachu haitakiwi ndani hata chembe. Mkate wenyewe ni unga na maji tu. Tangu maji yaguse unga hata mkate uive, zisipite dakika 18, usije ukaanza kuumuka. Sababu yake ni kwamba Waisraeli walitoka Misri kwa haraka, na unga wao haukupata nafasi ya kuumuka.

Jioni watu hukaa mezani. Wanakula mboga chungu, kuukumbuka uchungu wa utumwa. Pana maji ya chumvi, ndiyo machozi. Pana pia matunda yaliyopondwa pamoja na kokwa na divai, mfano wa udongo wa matofali waliyofyatua kwa Farao. Na kwa bahati njema udongo huo ni mtamu! Hapo ndipo mtoto mdogo kuliko wote huuliza: Mbona usiku huu si kama mwingine?

Mimi naona akili ya sikukuu hii yote imo katika swali hilo. Wazee hungoja waulizwe kwanza. Kama hapana mtoto, mtu mzima humwuliza mwenziwe, na aliye peke yake hujiuliza mwenyewe. Tena kipande cha mkate hufichwa ili watoto wakitafute, kwa kuwa hadithi ni ndefu na usingizi haungoji. Na katika kujibu, watu hufundishwa kwamba kila mmoja ajihesabu kuwa ni yeye mwenyewe aliyetoka Misri, si babu zake tu.

Huenda ukasema: mtu aliyezaliwa juzi atajihesabuje hivyo? Basi twende Uganda, karibu na mji wa Mbale, wanakokaa Abayudaya. Hawa ni wakulima walioifuata dini ya Kiyahudi tangu 1919, wakiongozwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza kisha akakosana nao. Aliisoma Biblia, akaona inafaa kuishika Torati yote, akatahiriwa yeye na wanawe. Alikufa 1928, lakini watu wake waliendelea.

Idi Amin alipotawala, ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi waliingia dini nyingine. Waliobaki walisali kwa siri. Sasa angalia tarehe. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, na utawala wa Amin ukaanguka. Jioni ya siku ile ile, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndipo Pasaka ilipoanza. Abayudaya hawakuisahau tarehe hiyo. Mtu wa Mbale hakuwa na haja ya kufundishwa namna ya kujihesabu.

Iko desturi nyingine ya usiku huo. Baada ya chakula, kikombe cha divai huwekwa kwa ajili ya nabii Eliya, na mlango hufunguliwa. Ni tendo dogo tu. Lakini hebu fikiri ewe msikilizaji, mahali ambapo kusali ni kosa, nani atathubutu kuacha mlango wazi, jirani aone meza na vitabu? Na siku kosa hilo liondokapo, mlango huo una uzito gani mkononi mwa yule anayeufungua?

Leo Abayudaya wana sinagogi lao katika kilima cha Nabugoye, na mmoja wao, Gershom Sizomu, alipewa daraja ya rabi mwaka 2008. Meza ya Pasaka sasa huandaliwa hadharani.

Ninyi mnaosikiliza kwa makundi, mmoja wenu asome Kutoka, sura ya 12, aya ya 4. Nyumba isiyoweza kummaliza mwana-kondoo peke yake inaagizwa kufanya nini? Jadilianeni, kisha mseme kwenu ni chakula gani hakiliwi bila jirani.